Mbona ng'ombe wa lita nyingi ndio wanaosumbua kushika mimba? Uzi wa vinasaba na uzazi wa ng'ombe wa maziwa

Mtungi wa Baridi:

Wakuu, habari za majukumu.

Kazi yangu ni uhamilishaji, yaani kupandisha ng'ombe kwa mbegu ya mrija, huku Nyanda za Juu Kusini, na kuna swali linanifuata karibu kila banda: "Mtaalamu, huyu ng'ombe tumempandisha wee, harudishi ndama. Tatizo mbegu, tatizo ng'ombe, au mkono wako?" Mtaani majibu ni mawili. Kuna wanaosema uzazi haurithiwi, mambo yote ni chakula, kwa hiyo chukua mbegu ya dume yeyote mwenye sifa ya maziwa. Na kuna wanaosema ukoo fulani ni tasa, piga mnada wote. Pande zote mbili zinawala wafugaji hela.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema: uzazi unarithiwa kidogo, lakini hicho kidogo kinatosha kukufaidi au kukuumiza, na anayechagua mbegu kwa lita peke yake anajitengenezea mitamba ya kumtesa miaka mitatu mbele.

Tuanze na hicho kidogo. Ukichukua ng'ombe wa kundi moja ukatazama nani anashika mimba mapema na nani anachelewa, tofauti iliyopo kati yao inatokana na mambo mengi: lishe, kuona joto (dalili za kutaka dume) kwa wakati, kizazi kuwa na usaha baada ya kuzaa, ujuzi wa mhamilishaji, jua kali, na bahati. Mchango wa vinasaba vinavyotoka kwa wazazi kwenda kwa watoto ni kama asilimia 4 tu kwa kipimo kinachotumika Marekani. Maziwa ni asilimia 20 hadi 30 na zaidi. Hapo ndipo watu wanaposema, "Si umeona? Asilimia 4 ni sifuri."

Si sifuri. Asilimia 4 inakueleza kwamba huwezi kuusoma uzazi wa ukoo kwa kumtazama ng'ombe mmoja, kwa sababu kelele za mazingira zimeufunika. Haikuelezi kwamba madume yote yako sawa. Ukiwa na mabinti wengi wa dume mmoja, waliotawanyika mashamba mengi, huyu kalishwa vizuri, yule vibaya, kelele zinafutana na damu ya baba inabaki inaonekana. Tofauti ni idadi tu ya mabinti unaowahitaji. Kwa tabia inayorithika asilimia 25 kama maziwa, mabinti 15 wanakufikisha nusu ya uhakika kuhusu baba yao. Kwa tabia ya asilimia 4 unahitaji mabinti kama 100 kufika palepale. Kwa hiyo mfugaji wa ng'ombe wawili hawezi kulijua hili kwa macho hata akae nao miaka ishirini. Wenzetu wanalijua kwa sababu wameandika rekodi za mamilioni ya ng'ombe.

Na tofauti kati ya madume ikishaonekana si ya kupuuza. Tangu 2003, orodha za madume ya Marekani zina safu iliyoandikwa DPR. Inaonesha mabinti wa dume huyo wana nafasi kiasi gani ya kushika mimba katika kila mzunguko wa siku 21, wakilinganishwa na wa kawaida. Pointi moja ni sawa na siku kama 4 za kukaa bila mimba baada ya kuzaa. Dume mwenye +2 na dume mwenye -3 wako katika orodha hiyohiyo, pengine wote wanasifiwa maziwa. Mabinti wa yule wa pili watakaa wazi kama siku 20 zaidi, kila uzao, maisha yao yote. Hesabu siku 20 za pumba na mashudu kwa ng'ombe anayeelekea kukauka hana mimba, halafu uniambie asilimia 4 ni sifuri.

Kwa nini maziwa mengi yanakwenda na uzazi mgumu? Vinasaba vinavyomsukuma ng'ombe kutoa maziwa vinamfanya baada ya kuzaa atoe kuliko anachoweza kula. Anakula mafuta ya mwili wake mwenyewe, anakonda, na mwili uliokonda unachelewa kuamsha ovari. Halafu kuna hili ambalo wafugaji wanaliona bila kujua sababu: ng'ombe anayekula sana na kukamuliwa sana, damu inapita kwenye ini kwa kasi kubwa, na ini linazisafisha homoni za uzazi upesi. Homoni inayoleta joto inakuwa chache kwenye damu, joto linafupika. Anaweza kupanda wenzake usiku wa manane kwa saa chache, asubuhi ukimkuta ametulia. Unasema hajaingia joto. Aliingia, wewe ulikuwa umelala.

Kuanzia miaka ya 1960 hadi karibu 2000, Holstein wa Marekani, wale weusi na weupe walio ukoo mmoja na Friesian wetu, walipanda maziwa mwaka hadi mwaka na uzazi ukashuka. Hakuna aliyekusudia kuushusha. Waliuacha nje ya hesabu tu.

Naendelea chini, kuna kisa cha dume mmoja lazima mkisikie.

Mtungi wa Baridi:

Mwaka 1962 huko Nebraska, Marekani, alizaliwa dume aitwaye Pawnee Farm Arlinda Chief. Mabinti wake walikamua kuwapita wenzao kwa mbali, mbegu yake ikaenda kila kona. Aliacha mabinti wapatao 16,000, wajukuu majike nusu milioni, vitukuu majike zaidi ya milioni 2. Ilifika mahali takribani asilimia 14 ya vinasaba vya Holstein wote wa Marekani vikawa vimetoka kwake. Dume mmoja.

Ndani ya damu hiyo kulikuwa na nakala moja iliyokatika ya jeni iitwayo APAF1. Jeni hii inahitajika kiinitete kinapojiumba tumboni. Ng'ombe mwenye nakala moja nzima na moja mbovu haoneshi dalili yoyote, anakamua, anazaa. Shida inakuja pale mjukuu wa kike wa Chief anapopandwa na mjukuu wa kiume wa Chief, na wote wawili wamebeba nakala hiyo mbovu. Kimahesabu kiinitete kimoja katika vinne kinapata nakala mbovu kutoka pande zote mbili, na hicho hakifiki kuzaliwa. Mfugaji anachokiona ni ng'ombe aliyepimwa ana mimba, halafu miezi kadhaa baadaye karudi joto.

Namna walivyoligundua ndipo napapenda mimi. Mwaka 2011 watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walikuwa na vipimo vya vinasaba vya makumi ya maelfu ya ng'ombe. Hawakutafuta ng'ombe wagonjwa. Walitafuta ng'ombe wasiokuwepo. Walichukua vipande vya kromosomu vinavyopatikana kwa wingi wakauliza: kwa wingi huu, tulitegemea tukute ng'ombe wangapi waliorithi kipande hiki kwa baba na kwa mama? Kwa vipande vichache jibu lilikuwa makumi kadhaa, na waliokutwa hai walikuwa sifuri. Maana yake waliorithi pande mbili wote walifia tumboni. Kipande cha ukoo wa Chief kikapewa alama HH1. Baadaye, 2016, wakatoa makadirio: zaidi ya mimba nusu milioni zilipotea duniani kwa ajili ya kosa hilo moja, hasara kama dola milioni 420. Ripoti hiyohiyo ikasema maziwa yaliyoongezeka kwa damu ya Chief yalikuwa na thamani ya kama dola bilioni 30. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka mapema, faida ilikuwa inaonekana kwenye ndoo na hasara imejificha kwenye kizazi.

Na si Holstein peke yao. Jersey wana yao, JH1, iliyotokana na kosa kwenye jeni ya CWC15. Ayrshire wana yao, AH1. Holstein wenyewe wana nyingine kadhaa mbali na HH1.

Lakini kisa kilichonifunza zaidi ni cha ng'ombe wekundu wa Skandinavia. Mwaka 2014 ilichapishwa taarifa kwamba kuna kipande cha herufi kama 660,000 za vinasaba kimekatika kwenye kromosomu ya 12. Ukikirithi kwa wazazi wote, kiinitete kinakufa. Waliobeba nakala moja walikuwa asilimia 13 Denmark, asilimia 23 Sweden na asilimia 32 Finland. Kitu kinachoua kimeeneaje hivyo? Kwa sababu wenye nakala moja wanatoa maziwa zaidi. Wafugaji walikuwa wanawachagua wenyewe, kizazi baada ya kizazi, kwa kuwa walikuwa wanapima ndoo.

Mnyalu wa Mtwango:

Mkuu uzi mzuri, nimeusoma wote. Ila mimi natofautiana na wewe kidogo. Huku kwetu ng'ombe hapati hata maji ya kutosha, kiangazi anakula mabua ya mahindi, halafu tunakaa kujadili kromosomu ya 12? Mimi nina ng'ombe hajashika mimba tangu alipozaa, mifupa ya nyonga imechomoza. Huyo vinasaba vitamsaidia nini? Tuwaambie watu ukweli, chakula kwanza.

Mtungi wa Baridi:

Mnyalu, kwa huyo wako nakuunga mkono kwa asilimia zote. Ng'ombe aliyetoka mifupa ya nyonga ameamua mwenyewe kutobeba mimba, na mwili wake uko sahihi. Mlishe, mpe dawa ya minyoo, mpe madini, subiri aanze kunona ndipo uniite. Nikija leo nakula hela yako bure.

Tunapotofautiana ni hapa: chakula unakinunua kila siku, damu unaichagua siku moja tu na inakaa bandani miaka kumi. Siku unapandisha ni lazima uchague dume, hata ukisema "weka yoyote" umeshachagua. Kumtazama dume kwa uzazi wa mabinti wake hakukuongezei gharama ya debe la pumba. Tena kwa mfugaji mwenye chakula kidogo jambo hili lina uzito kuliko kwa mwenye chakula kingi. Yule tajiri anaweza kumbeba kwa lishe ng'ombe mwenye damu ya kukonda. Wewe na mimi hatuwezi. Ng'ombe mwenye damu ya lita 40 kwenye banda la lita 10 hatoi 40, anatoa 10 na kukonda, halafu hashiki.

Kijana wa Cork:

Salamu toka Ireland wakuu. Mimi nafanya kazi shamba la maziwa huku, acha nichangie maana jambo hili nalishika kwa mikono.

Huku ng'ombe wanalishwa majani malishoni karibu mwaka mzima, na wanapangwa wazae Februari na Machi ili maziwa yawe mengi majani yanapochipua. Kwa hiyo msimu wa kupandisha una mwanzo na mwisho, wiki kama kumi na mbili hivi. Asiyeshika ndani ya wiki hizo hana nafasi ya mwakani, anapelekwa machinjioni hata awe mzuri namna gani. Miaka ya 1990 walijaza mbegu ya Holstein wa Marekani wakaumia sana, ng'ombe walikuwa wanakamua lakini hawarudi kwenye msimu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakatunga kipimo kipya cha kuchagulia madume, wanakiita EBI, na uzazi pamoja na ng'ombe kudumu kundini vikapewa uzito mkubwa pembeni ya maziwa. Mwelekeo ukageuka.

Kuna kituo cha utafiti cha Moorepark, si mbali na hapa nilipo. Walifanya kitu ambacho naona kinajibu ubishi wa Mnyalu moja kwa moja. Walikusanya Holstein wa makundi mawili. Kwa vinasaba vya maziwa wako sawa, kwa vinasaba vya uzazi kundi moja juu na jingine chini. Wakawaweka shamba moja, majani yaleyale, watunzaji walewale. Matokeo yalichapishwa 2012 na miaka iliyofuata: kundi la uzazi mzuri walishikilia mwili bila kukonda, kizazi kilisafika mapema baada ya kuzaa, homoni ya kulea mimba ilikuwa nyingi kwenye damu, walishika mapema. Na maziwa hayakupungua. Chakula kilekile, damu tofauti.

Mtungi wa Baridi:

Kijana wa Cork, umenisaidia sana. Hapo kwenye "maziwa hayakupungua" nataka kila mtu aparudie. Uadui wa maziwa na uzazi upo, lakini si kamba moja. Yapo madume yenye vyote viwili, ni wachache, unawapata ukitafuta. Norway walianza kuhesabu uzazi wakati wa kuchagua madume tangu miaka ya 1970, wakati wengine bado wanatazama ndoo peke yake, na Norwegian Red leo anaombwa nchi nyingi kwa sababu ya uzazi na afya yake.

Mama Ndama Watatu:

Samahani kaka, mimi naomba msaada wa jambo tofauti kidogo. Nilinunua mtamba kwa jirani, mzuri, ana umbo kabisa, sasa ana miaka miwili na zaidi hajawahi kuonesha joto hata mara moja. Bwana mifugo alikuja akasema tumuongeze madini. Nimeongeza, kimya. Nimekuja kusikia alizaliwa pacha na dume. Kuna uhusiano?

Mtungi wa Baridi:

Dada, pole. Upo, na ni mkubwa. Mtamba aliyezaliwa pacha na dume, zaidi ya 90 katika 100 hawazai kabisa. Tumboni kondo zao za nyuma zinaungana na damu inachanganyika, homoni na seli za kaka yake zinamwingia yeye kabla viungo vyake vya uzazi havijakamilika. Ovari hazikui, kizazi kinabaki nyuzi. Madini hayatarudisha kitu hapo. Huu si urithi, wazazi wake hawana kosa, isipokuwa tabia yenyewe ya kuzaa mapacha huwa inatembea kidogo kwenye koo.

Namna ya kumpima: kwa ndama wa wiki mbili tatu, mtaalamu anaingiza kijiti laini butu kilichopakwa mafuta ukeni, taratibu. Ndama wa kawaida kinaingia sentimita 12 na zaidi. Huyu wa pacha kinagota kwenye sentimita 5 au 6. Mara nyingi chini ya uke kunakuwa na shungi la manywele marefu kuliko kawaida na kinembe kimekua. Kwa huyo wako mkubwa, mwite daktari wa mifugo aingize mkono kwa njia ya haja kubwa apapase kama kizazi kipo. Kama hakipo, mnenepeshe umuuze kwa nyama, usiendelee kumlisha kwa matumaini. Na wenzangu mnaonunua mitamba, muulizeni muuzaji mbele ya shahidi: huyu alizaliwa peke yake?

Gredi za Githunguri:

Niko Kiambu, huku ng'ombe wetu ni wa gredi karibu wote, Friesian juu ya Friesian. Swali langu: nina ng'ombe amerudia joto mara tatu kwa mbegu ya dume mmoja wa nje. Je, ndiyo hiyo HH1? Na nitajuaje dume ni mbebaji?

Mtungi wa Baridi:

Ndugu wa Githunguri, nakuomba usikimbilie HH1. Piga hesabu nami. Hata kama dume ni mbebaji na ng'ombe wako ni mbebaji, mimba tatu katika nne zinapona. Kupoteza mara tatu mfululizo kwa sababu hiyo peke yake ni nafasi 1 katika 64, na hapo tumeshakubali kwamba wote wawili ni wabebaji. Ng'ombe anayerudia mara tatu, mtuhumiwa wa kwanza ni muda wa kupandisha, wa pili ni maambukizi ya kizazi, wa tatu ni utunzaji wa mbegu. Angalia ute: kama una weupe wa usaha au harufu, tibu kizazi kwanza. Angalia pia anarudi baada ya siku ngapi. Akirudi siku ya 18 hadi 24, pengine hakushika au kiinitete kilikufa mapema sana. Akirudi siku ya 35 au 50, kuna kitu kilikuwepo kikafa. Hizo ni habari mbili tofauti kwa daktari.

Ila badilisha dume, hilo halina gharama. Kujua mbebaji ni rahisi kwa madume wa Marekani, imeandikwa kwenye orodha zao: HH1C ni mbebaji, HH1T amepimwa hana. Muulize anayekuuzia mbegu akuoneshe karatasi ya dume. Kwa mbegu za kituo cha Kabete, hapo kwenu Kenya, pia ulizia ukoo wa dume, kituo kile kimetoa mbegu tangu 1946 na kumbukumbu za nasaba ni sehemu ya kazi yao. Kwetu Tanzania ulizia kituo cha uhamilishaji cha Usa River, Arusha.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ya HH1 ni ndugu kupandana. Vijijini utakuta dume mmoja anahudumia mtaa mzima. Binti yake anazaliwa, baada ya mwaka na nusu anaingia joto, na dume ni yuleyule, baba yake. Ndama wa hapo ana robo nzima ya vinasaba vyake imejirudia kutoka pande mbili. Makosa yote yaliyojificha ya ukoo ule, yale ya HH1 na mengine mengi ambayo hayajapewa jina, yanapata nafasi ya kukutana. Mimba changa zinapotea, ndama wanazaliwa dhaifu, mitamba wanachelewa joto. Dume wa kijiji asizidi miaka miwili mahali pamoja. Badilishaneni na kijiji cha mbali, si cha jirani, maana cha jirani mara nyingi ni mtoto wake.

Mzee wa Takwimu:

Niongeze jambo moja ambalo mleta mada hajaligusa. Tabia zinazorithika kidogo, kama uzazi, ndizo zinazofaidika zaidi na uchotara. Ukimpandisha Zebu wetu kwa Friesian, yule ndama wa kwanza ana nguvu ya uchotara kamili: anaingia joto mapema, anashika, anadumu. Watu wanafurahi, wanasema tuendelee na Friesian. Wanapandisha tena, na hapo nguvu ya uchotara inashuka hadi nusu. Wanapandisha tena, robo. Kufika uzao wa nne wana ng'ombe mweusi na mweupe mzuri wa picha, anayedai chakula cha Friesian na hashiki mimba. Mimi ningesema mwenye malisho ya wastani abaki kwenye nusu hadi robo tatu ya damu ya kisasa, azungushe aina, Friesian, kisha Ayrshire au Jersey, na akitaka kurudisha ustahimilivu kuna Sahiwal, ambao kwa Kenya wana kundi lao la kitaifa Naivasha.

Mtungi wa Baridi:

Mzee, nimekuelewa na nakubali, hasa hapo kwenye uzao wa nne. Naona mabanda ya namna hiyo kila wiki. Mfugaji anajivunia rangi.

Bandarini Tanga:

Na sisi wa Pwani mkuu? Huku joto la jua ndilo adui. Kuanzia Desemba hadi Machi ng'ombe wangu hashiki kabisa, mvua zikija anashika. Kuna damu ya kusaidia hapo?

Mtungi wa Baridi:

Ipo, na ni habari njema kwa Pwani. Kiinitete cha siku za mwanzo hakivumilii joto kali, mwili wa mama ukipanda joto kinakufa kabla hata hajajulikana ana mimba. Kuna kosa moja la vinasaba, safari hii la heri, kwenye jeni ya kipokezi cha prolaktini, PRLR. Mwenye nalo anaota manywele mafupi sana, laini, yanayong'aa, na mwili wake unapoza joto vizuri. Lilitoka kwa ng'ombe aina ya Senepol wa visiwa vya Karibiani, na Florida na Puerto Rico kuna Holstein waliochanganywa nalo. Chanzo chake kwenye jeni kilielezwa 2014. Uzuri ni kwamba nakala moja inatosha kuonekana, kwa hiyo binti wa dume mwenye nakala mbili anazaliwa moja kwa moja na manywele hayo. Mbegu za namna hiyo zinauzwa nje, kwa jina la slick. Waagizaji wakisikia Pwani inazitaka wataleta, kwa hiyo anzeni kuziulizia.

Kwa sasa: kivuli kirefu chenye upepo, maji saa zote, na pandisha jioni au alfajiri. Na msimu wa joto mpe mapumziko yule anayezaa Novemba, usimlaumu.

Mnyalu wa Mtwango:

Sawa mkuu nimekuelewa, hoja ya kuchagua dume nimeichukua. Sasa lini na sisi tutakuwa na madume yaliyopimwa kwa mabinti wa hukuhuku? Maana DPR ya Marekani imepimwa kwenye mabanda yenye feni.

Mtungi wa Baridi:

Hilo ndilo swali kubwa kuliko yote humu. Namba ya Marekani inasaidia kuwapanga madume, lakini dume wa kwanza kule anaweza asiwe wa kwanza Njombe. Kuna mradi wa ADGG wa kuboresha vinasaba vya ng'ombe wa maziwa Afrika, unaoongozwa na ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi, ulioanza na Tanzania na Ethiopia: wanachukua rekodi za ng'ombe wa wafugaji wadogo kwa simu, maziwa, kuzaa, kupandishwa, wanapima na vinasaba vya ng'ombe haohao, halafu wanapanga madume na majike kwa matokeo ya mazingira yetu. Vipimo vya vinasaba ndivyo vilivyofanya hili liwezekane kwa watu wenye ng'ombe wawili wawili. Zamani ilibidi ujue baba wa kila ndama kwa karatasi, sasa unywele wa mkia unaonesha nani ndugu wa nani, na mashamba mia ya ng'ombe wawili yanasomeka kama shamba moja la ng'ombe mia mbili. Marekani walianza kutumia rasmi vipimo hivyo kwa Holstein 2009, na tangu hapo uzazi, uliokuwa unasogea polepole sana, umeanza kusogea kwa kasi.

Lakini hesabu ile ya mabinti 100 iko palepale. Bila rekodi hakuna kipimo. Mkiombwa taarifa na maofisa wa mradi, wapeni za kweli, ikiwemo ya ng'ombe aliyeharibu mimba, watu huwa wanaificha hiyo.

Mama Ndama Watatu:

Asante kaka. Basi tuambie tuandike nini, maana daftari ninalo lakini naandika lita tu.

Mtungi wa Baridi:

Dada, kwa kila ng'ombe ukurasa wake. Tarehe ya kuzaa, na kama alizaa mmoja au pacha. Kila tarehe uliyoona joto, hata kama hukupandisha, na saa uliyoliona. Tarehe ya kupandisha. Tarehe ya kupimwa mimba na jibu. Akiharibu, tarehe na umri wa mimba kwa makadirio. Mtamba, andika joto lake la kwanza alikuwa na miezi mingapi. Lita endelea kuandika.

Na dume. Hapa ndipo madaftari mengi yanakufa, unakuta imeandikwa "Friesian" basi. Mrija wa mbegu umechapwa ubavuni jina au namba ya dume na kituo alikotoka. Mhamilishaji akishamaliza kazi, mwambie akupe ule mrija mtupu kabla hajautupa, nakili namba yote kama ilivyo, kisha ubandike kwenye ukurasa kwa gundi ya karatasi. Akikataa kukupa, tafuta mhamilishaji mwingine.